Majivu Kwenye Vyungu vya Ushirika

Mfadal alikuwa na miaka sitini na miwili, na katika umri wote huo hakuna mtu kijijini aliyewahi kumfundisha habari za jani. Yeye ndiye aliyefundisha. Ukipita naye kando ya shamba la bangi, mahali ambapo wewe unaona kijani tupu, yeye atakuambia kwamba ubavu huu una kiu, ule wa chini mizizi yake imegonga mwamba, na lile shina la pembeni ni dume, ling'oe kabla ya Ijumaa. Watu walimwita Fundi. Watoto walimwita Fundi, imamu alimwita Fundi, na hata mkewe Rahmo, akikasirika, alimwita Fundi, ila yeye alilitamka kama mtu anayeng'ata kitu. Ni mtu mmoja tu aliyemwita kaka.

Kama wanaume wengi wa rika lake, Mfadal aliishi miaka kumi na minane na hati ya kukamatwa. Hati ilitokana na barua isiyo na jina. Mtu fulani, asiyejulikana mpaka leo, aliandika mistari mitatu kwamba Mfadal analima bangi mahali fulani, akaibandika stempu, na tangu siku hiyo Mfadal hakushuka tena mjini. Hakubadilisha kitambulisho. Hakumzika dada yake aliyefia Tetuan. Askari walipopanda mlima yeye alipanda zaidi, mpaka kwenye kibanda cha mierezini, yeye na rafiki yake Layashi, ambaye naye alichongewa, ila kwa mistari miwili. Walitaniana sana juu ya hilo. Layashi alisema yeye ni mtu mdogo, hata wachongezi hawampotezei wino.

Aliyewapelekea mkate huko juu alikuwa Yamna, mke wa Layashi. Alipanda na theluji, alipanda na mimba, mkate ukiwa kifuani chini ya nguo ili usigande. Mwaka mmoja, majira ya baridi, Layashi akashikwa na kifua. Hospitali ilikuwa mjini, na mjini kulikuwa na hati, kwa hiyo akafia kibandani. Mfadal akambeba mgongoni mpaka mlangoni kwa Yamna, akasema, "Dada, nimekuletea." Hakuweza kusema zaidi. Yamna akamjibu, "Umechoka, kaka. Mweke hapa." Tangu siku ile wakawa kaka na dada, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa mama gani.

Kisha mambo yakageuka. Sheria ya kuruhusu bangi ikaja, leseni zikaja, msamaha ukatangazwa, na Mfadal akashuka mjini na mvi zake, akapigwa picha ya kitambulisho, akalia mbele ya karani. Familia kumi na moja zikaunda ushirika. Zikajenga banda la nailoni chini ya msikiti, zikapanga ndani vyungu mia na ishirini vya plastiki nyeusi, na katika kila chungu mmea mama mmoja. Mmea mama hauvunwi, unakatwa vipandikizi. Vipandikizi vya Aprili ndivyo vitakavyojaza mashamba ya familia zote kumi na moja, kwa hiyo mimea mama ikifa, mwaka wa kwanza wa halali unakufa nayo.

Msimamizi wa banda akachaguliwa Mfadal. Nani mwingine? Lakini tusifichane, alividharau vile vyungu tangu siku ya kwanza. "Mmea una miguu ya kutembea chini ya ardhi," alisema, "nyinyi mmeuvika viatu vya kubana." Udongo wenyewe ulikuja kwenye mifuko kutoka mbali, mweusi, mwepesi, hauna harufu ya kitu. Maji yalitoka kwenye kisima kipya cha mashine kule bondeni, yale maji yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika. Na juu ya yote hayo kulikuwa na daftari. Bibi shamba wa ushirika, Widad, binti wa Meknes mwenye miaka ishirini na saba, alikuja mara moja kila wiki sita, na kila alipokuja alirudia neno moja: chochote kinachoingia kwenye chungu, hata kijiko kimoja, kiandikwe.

Mfadal hajui kuandika. Hilo ni la kwanza. La pili, nyumba yao ilikuwa na siri yake, kama nyumba zote za huku, na siri haiandikwi. Baba yake na babu yake waliyatilia mashamba majivu ya tanuri la mkate. Udongo wa mlimani ni mwekundu na mchachu, majivu huutuliza, na bangi ya nyumba hiyo ilijulikana kwa majani mazito ya kijani. Basi kila Jumatatu alfajiri, kabla watu hawajafika bandani, Mfadal aliyachekecha majivu ya Rahmo, akayabeba kwa ndoo, akatia konzi moja kwenye kila chungu na bismillahi, kisha akayafunika na udongo kwa kidole. Hakumwambia mtu. Si kwamba aliona ni kosa. Aliona haya tu, mzee kama yeye aombe ruhusa ya majivu kwa binti wa Meknes.

Kazi ya kumwagilia alipewa Yamna, na aliifanya vizuri. Alikuwa na kopo la nyanya lililochorwa mstari kwa msumari. Kila asubuhi alitia kidole kwenye udongo wa chungu, akasikiliza kwa kidole hicho, na kukiwa bado na unyevu alikipita chungu akaenda kingine. Alipomaliza alifunga mlango, akamletea Mfadal funguo za mlango, akasema, "Wameshakunywa, kaka."

Njano ilianza mwezi wa tatu. Ilianzia juu, kwenye majani machanga kabisa, yale yanayotakiwa kung'aa. Nyama ya jani ikapauka huku mishipa yake ikibaki ya kijani, kana kwamba mtu ameichora kwa kalamu. Siku tatu baadaye ilikuwa vyungu thelathini. Wiki iliyofuata ilikuwa vyungu themanini, na wakuu wa familia wakawa wanachungulia bandani mmoja mmoja wakiwa na nyuso za watu wanaotazama mgonjwa.

Asubuhi ya Ijumaa Mfadal aliingia peke yake. Akagusa majani, akanusa udongo, akainua chungu kimoja na kuchungulia matundu ya chini. Kisha akakirudisha chungu upesi, akatoka.

Baada ya swala watu walikaa chumba cha nje cha msikiti, sinia la kuskusi katikati, wanawake mlangoni kama kawaida. Mwenyekiti wa ushirika alikuwa Hmidu, mtu aliyependa mihuri kuliko wengine wanavyopenda asali. Alifuta mikono, akasema, "Haya, Fundi. Tuambie, ni nini kinachotuua?"

Wote wakamgeukia Mfadal. Alipaswa kusema sijui. Neno fupi tu, lakini miaka sitini na miwili hakuwahi kulitumia kuhusu jani, na lilikuwa limepata kutu kinywani mwake.

"Maji," alisema. "Mizizi inazama. Mtu anamwaga kama anafua mazulia."

Pale mlangoni Yamna akanyanyuka. "Kaka, mimi napima. Kopo moja, tena natia kidole kwanza. Vyungu vingine navipita hata siku tatu."

"Kidole chako kimezoea unga wa mkate, Yamna," alijibu Mfadal. "Kikigusa kitu chororo kinasubiri kiumuke."

Chumba kizima kikacheka. Hata imamu alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Na kicheko kile, acha niseme kweli, kilimpendeza Mfadal. Wiki nzima alikuwa na hofu, na kicheko kikamrudisha mahali pake pa juu. Yamna alisubiri kiishe. Akazitoa funguo za bomba kiunoni, akaziweka kizingitini, akaondoka bila kufunga mlango kwa kishindo. Kufikia jioni watoto chemchemini walikuwa wanamuuliza, "Mama Yamna, kimeumuka?"

Mfadal akachukua kazi ya kumwagilia. Akapunguza maji mpaka udongo ukapasuka kandokando ya vyungu. Njano ikaongezeka. Akaona mimea imedhoofika, inahitaji dawa ya nguvu, na dawa aliyoijua ilikuwa moja. Jumatatu iliyofuata alitia konzi mbili.

"Fundi," alisema Rahmo siku hiyo, akiwa amesimama uani na sufuria jeusi mkononi, "mimi nina tanuri moja au matatu?"

"Moja. Kwa nini?"

"Kwa sababu kuni zinaingia, mkate unatoka, majivu siyaoni. Nataka kusugua sufuria, nakuta ndoo inanichekea."

"Labda panya."

"Panya wanaokula majivu! Nionyeshe mmoja, nimpikie chai ya nanaa." Alimtazama kwa muda, kisha akaenda kusugulia mchanga.

Wiki ya tatu majani mapya yalitoka karibu meupe, ncha zake zimeungua. Hmidu akampigia simu Widad, na Widad akaja Jumatano badala ya kungoja zamu yake. Aliingia bandani na viatu vyake vya matope, wanaume saba nyuma yake na Mfadal mbele yao.

"Imeanzia juu au chini?" aliuliza.

"Juu," alisema Mfadal.

"Juu, kwenye machanga. Fundi, wewe unajua kuliko mimi, mmea wenye njaa ya mbolea hula majani yake ya zamani kwanza, njano inaanzia chini. Mmea uliozama unalegea wote. Huu umesimama wima, mishipa ya kijani, njano iko kichwani. Huu unakosa madini ya chuma."

"Si ni maji mengi?" aliuliza Hmidu.

Widad akainama. Akakilaza chungu kimoja, akakigonga kitakoni, akauvuta mmea wote na udongo wake. Mizizi ilikuwa myeupe, imejaa, imejisokota kuzunguka udongo. Akaiinua ili kila mtu aione. "Hakuna mzizi hata mmoja uliooza. Hii imekaushwa juzi juzi tu, lakini mtu aliyekuwa anamwagilia hapa mwanzo alijua kazi yake. Ni nani?"

Mfadal alitazama ndala zake.

Widad akamimina maji kwenye chungu kingine, akakinga yaliyotoka chini, akatumbukiza kipimo chake kidogo. Namba ikapanda ikasimama juu ya nane, ilhali mmea huu unataka sita. Akapuliza hewa. "Chuma kimo humu, kimejaa tele, lakini mlango umefungwa. Udongo umekuwa mkali kama sabuni, mizizi haiwezi kukinyonya. Maji yenu ya kisima yana chokaa, sawa, ila hayafikishi hapa." Akakwangua udongo wa juu kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na tabaka la kijivu, nene kama ganda la chungwa. Akalisugua kati ya vidole, akalinusa.

"Haya ni majivu. Mashambani kwenu huko juu yasingedhuru, pengine yangefaa. Kwenye chungu hayana pa kwenda. Nani ametia majivu?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa, Mfadal alihitaji kupita tu. Alifungua kinywa, na Hmidu akamtangulia.

"Majivu ni kitu cha wanawake," alisema Hmidu. "Nani mwanamke aliyekuwa na funguo humu? Kikulacho ki nguoni mwako, jamani! Tumemwondoa kazini, akatulipa kwa majivu."

"Mimi najua majivu," alisema Widad, "mkono siujui. Msiniingize." Lakini wale wanaume walikwisha kuanza kutikisa vichwa, na kila kichwa kilichotikisika kilifanya neno la Mfadal kuwa gumu zaidi kutoka.

Hmidu alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akaandika. Leseni inataka maelezo ya hasara yoyote, alisema, na maelezo bila mkosaji ni leseni kupotea. Aliandika kwamba Yamna, mjane wa Layashi, kwa chuki, aliharibu mali ya ushirika, na kwamba wenye mamlaka wanaombwa kumwita. Karatasi itashuka mjini Jumatatu. Ilibaki alama ya msimamizi wa banda. Akamsogezea Mfadal kidau cha wino.

Mfadal alibonyeza. Naliandika hili kama lilivyokuwa, wala simpambii. Mkono wake haukushikwa na mtu. Alitia kidole gumba kwenye wino, akakiweka kwenye karatasi asiyoweza kuisoma, akakiinua.

Nyumbani alikuta supu ya maharage na mafuta ya zeituni, na mkate wa moto. Alipoumega mkate, weupe wake ukabaki na doa la buluu. Rahmo akaliona doa, akakiona kidole.

"Umetia kidole wapi?"

Akamwambia. Alimwambia yote, kuanzia Jumatatu ya kwanza ya Januari, akiitazama supu. Rahmo hakupiga kelele. Mfadal angependa apige.

"Kwa hiyo panya ni wewe," alisema hatimaye.

"Ni mimi."

"Barua yako wewe ilikuwa na mistari mingapi?"

"Mitatu. Unajua."

"Na hii ya Yamna?"

Mfadal alifikiri. "Sijui. Sikuhesabu."

"Hata hukuhesabu." Rahmo akaliondoa bakuli mbele yake, ingawa hakuwa amekula. "Yule aliyekuandikia wewe labda alikuwa adui yako, labda mlikosana mpaka wa shamba. Wewe, mkate wa Yamna umeula miaka mingapi? Alipanda na mimba, Mfadal. Nilimwona mimi, kwa sababu mimi nilikuwa naogopa kupanda."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kumwita kwa jina lake. Mfadal alikaa pale na aibu yake. Mkuki kwa nguruwe, watu husema. Miaka kumi na minane alimlaani mchongezi wake kila alfajiri, akimwomba Mungu amwonyeshe uso wake. Sasa alikuwa na uso mbele yake, na ulikuwa na ndevu zake mwenyewe.

Alhamisi asubuhi alifungua zizi akamtoa kondoo dume, yule aliyekuwa anamnenepesha kwa ajili ya Idi. Huku kwetu, mtu aliyekosa akimchinja mnyama kizingitini kwako, aibu yake umekwisha kubebeshwa wewe. Huwezi tena kumkatalia, hata awe ameua. Mfadal alitembea na kondoo na kisu mpaka kwa Yamna, akabisha.

Yamna alifungua. Akamtazama kondoo, akakitazama kisu. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Dada, majivu ni yangu."

Yamna alishika mwimo wa mlango.

"Tangu Januari," alisema Mfadal. "Kila Jumatatu. Nikaogopa kusema. Jana wamekuandika, na nimetia kidole."

"Nimesikia habari ya karatasi. Kidole sikusikia kuwa ni chako." Kisha akauliza, "Ile siku ya kuskusi, uliposema maji, uliamini kuwa ni maji?"

Angeweza kusema ndiyo. Mungu pekee ndiye aliyekuwa naye bandani asubuhi ile.

"Hapana," alisema. "Nilikuwa nimechungulia chini ya chungu. Mizizi ilikuwa myeupe. Nilijua si maji. Sikujua ni nini, basi nikasema maji."

"Na ile ya kidole changu na unga?"

"Ilinijia tu."

"Ilikujia tu," alirudia Yamna. Kondoo akaanza kula majani ya mnanaa wake pembeni ya mlango, na hakuna aliyemzuia.

Mfadal akamshika kondoo pembe, akampigisha magoti. Yamna akaweka mguu wake kizingitini, mahali hasa ambapo damu ingemwagika.

"Usimchinje. Ukimchinja hapa nitalazimika kukusamehe, na mimi sitaki kulazimishwa. Watu watasema, Yamna amepelekewa nyama, yamekwisha. Ulinitaja kwa mdomo mtupu, watu wakiwa wanakula, wakacheka. Kajitaje hivyo hivyo. Kesho ni Ijumaa."

"Mbele ya wote?"

"Wewe ulinichagulia watu wangapi?"

Basi Mfadal akarudi na kondoo wake akiwa hai. Njia ya kwenda kwake inapita dukani, inapita chemchemini, inapita msikitini, na hakuna mtu huku asiyejua maana ya kondoo anayerudi kutoka mlango wa mtu. "Fundi, amekataliwa huyo?" aliuliza muuza duka. "Amekataliwa," alisema Mfadal. Alifikiri hiyo ndiyo itakuwa aibu kubwa kuliko zote. Hakuwa ameionja ya Ijumaa.

Ijumaa sinia liliwekwa. Mfadal hakunawa mikono. Alisimama, na kwa sababu Fundi hakuwa na desturi ya kusimama wakati wa kula, watu wakaacha vijiko. Mlangoni, kati ya wanawake, Yamna alikuwa amesimama na Rahmo pembeni yake.

"Majivu niliyatia mimi," alisema. "Ni siri ya nyumba yetu, ndiyo ile mliyokuwa mnaiuliza miaka yote, sasa mmeijua. Yamna hakutia kitu ila maji, na maji yake yalikuwa sawa. Niliona mizizi ni mizima nikasema imezama. Nilimcheka, mkacheka. Juzi nikaona anaandikwa, nikatia kidole."

Kisha kutoka upande wa vijana sauti ikasema, "Fundi, na hicho kidole chako kimezoea nini?" Wakacheka. Walicheka muda mrefu, na mara hii imamu hakujifanya kukohoa. Mfadal alisimama katikati ya kicheko hicho, mikono imening'inia, hana pa kuuficha uso, akasubiri kiishe kama Yamna alivyosubiri.

Hmidu ndiye aliyekasirika kweli. "Umetufanya tuandike uongo kwa mamlaka! Leseni ikienda, familia kumi na moja zinakula nini, kondoo wako?"

"Andika nyingine. Andika kwamba msimamizi alitia majivu bila kuandika daftarini. Weka jina langu, nitatia kidole."

"Na usimamizi?"

"Mpeni anayeuweza."

Hmidu akaitoa ile karatasi ya Jumatano mfukoni mwa joho lake la jilaba, akaipasua mara nne, maana hata kupasua alitaka kuwe rasmi. Akamgeukia Yamna. "Umesikia, mama. Unamsamehe?"

"Nimemsamehe," alisema Yamna. "Mbele yenu nyote, na simdai kitu." Akainama akaziokota funguo za bomba, ambazo Mfadal alikuwa ameziweka kizingitini alipoingia, akazifunga kiunoni.

Kazi ya kuvitibu vyungu ilichukua mwezi. Widad alielekeza kwa simu, Yamna akasimamia, Mfadal akabeba. Walikwangua majivu yote. Vyungu vilivyozidiwa vikabadilishwa udongo, vingine vikaoshwa taratibu kwa maji ya mvua kutoka tangi la msikiti, yametiwa uchachu wa ndimu, mpaka kipimo kikashuka. Majani yakanyunyiziwa madini ya chuma jioni jua likipoa. Siku ya kumi na mbili chipukizi la kwanza likatoka la kijani, na Hmidu akalipiga picha kana kwamba amelizaa yeye. Mfadal alimuuliza Widad lini yale ya njano yatarudi kuwa kama zamani. "Yaliyoungua hayarudi, mzee," alisema Widad kwenye simu. "Usiyahesabu. Tazama mapya." Vipandikizi vilikatwa wiki ya mwisho ya Aprili, vichache kuliko ilivyotarajiwa lakini vinatosha, na mamlaka wakaandika onyo, leseni hawakuifuta.

Siku walipomaliza kukata, Mfadal alibeba ndoo mbili za mwisho kutoka tangini. Yamna alikuwa ameinama juu ya chungu, kidole ndani ya udongo, anasikiliza. Mfadal alisimama nyuma yake na ndoo zake. Wiki zote hizo walikuwa wameongea mambo ya kazi tu, leta, mimina, bado, na yeye alikuwa akijiambia kwamba siku kazi itakapokwisha, Yamna atageuka na kumwita kama alivyokuwa akimwita.

Yamna aligeuka. Hakuwa na kinyongo usoni, alikuwa hata anatabasamu, kwa kuwa mimea ilikuwa mizuri.

"Ahsante," alisema. "Ziweke hapo, Fundi."

Mfadal akaziweka.